Jina la Mtunzi

Jumatatu, 8 Septemba
Katoni ya tano. Bado naorodhesha hapa maktabani vitabu vya marehemu mwalimu wa Raskazone, alivyotuletea mwanawe, Salimu. Vingi vya kilimo. Mchwa wamekula pembe. Chini kabisa, daftari la utenzi, limeandikwa kwa mkono. Mama anamlilia mtoto aliyefariki siku aliyozaliwa. Nimelia kazini. Aibu. Jina la mtunzi hakuna. Nikampigia Salimu simu.
"Andika la baba, dada. La nani tena?"

Jumanne, 9 Septemba
Sijaandika. Mwalimu alitia sahihi kila kitabu chake. Mwandiko wake umelala. Wa daftari umesimama wima. Na kuna beti za maziwa kujaa kifuani, wa kunyonya hayupo. Nina shaka.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda Nguvumali, anakoishi sasa mjane wa mwalimu, Bi Rukia. Nikamwamkia, akanikaribisha mkekani. Macho yake hayaoni tena. Nikamsomea. Ubeti wa nne mchwa wameutoboa, nikakwama. Akaumalizia yeye, bila kusita. Kisha akaniambia.
Utenzi ni wake. Mtoto wake wa kwanza, kabla ya Salimu. Mumewe alijua, wakakubaliana yasisemwe. Nikamwomba ruhusa niandike jina lake.
"Ngoja kwanza nimwambie mwanangu."
Nimeahidi kunyamaza.

Ijumaa, 12 Septemba
Salimu kaja kuuliza kama jina la baba yake limeingia. Bado. Kwa nini? Siwezi kusema. Kafoka mbele ya wasomaji: namdharau marehemu, Jumatatu anakuja kuchukua katoni zote. Mkuu wangu anasema niandike tu, yaishe. Nimekataa. Naogopa. Vitabu vikiondoka, lawama yangu.

Jumapili, 14 Septemba
Nimefua. Sijasoma chochote.

Jumatatu, 15 Septemba
Salimu kaja na bajaji, kamshika mama yake mkono. Macho ya Salimu mekundu. Katoni hakuzitaja. Bi Rukia akanitajia jina lake kamili, taratibu, nikaliandika kwenye kadi, penye mtunzi. Akataka nimsomee. Nikamsomea. Akataka tena.
Wakakaa karibu na dirisha. Salimu akamuuliza yule mtoto aliitwa nani. Mama akamwambia. Nilikuwa napanga rafu ya jirani, nikasikia.
Jina hilo sikuliandika popote. Hata hapa siliandiki.