Kanga Iliyofutiwa Cheni

Baba Frida,

Samaki wako, mgebuka, yuko kwenye hotipoti. Dagaa nimewaanika nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha uwaanue. Frida akitoka shule apate uji kwanza.

Nimekwenda kwa miguu Kibirizi kuwahi boti ya Mwamgongo. Uliahidi kunipeleka bandarini leo, nikamwone mama anavyoumwa. Asubuhi nakukuta uani umewasha pikipiki, umefuta cheni kwa kanga yangu niliyoipigia pasi jana kwa ajili ya safari! Nikakuita. Ukasema, "Ngoja kwanza, nasikiliza injini." Ukaondoka nayo kwa fundi, hata nyuma hukutazama.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi mama akipata nafuu.

Kanga iko kwenye beseni. Uifue mwenyewe, taratibu, kama unavyoiosha hiyo pikipiki yako.

Injini ikikohoa kidogo tu unasimama njiani, unainama, unaiuliza ina nini. Kila siku unamwambia Frida chombo kinatunzwa kabla hakijalia. Mimi nililia Jumapili, palepale jikoni. Ukauliza kama ni vitunguu, ukatoka kwenda kununua oili.

Siku ile hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

Mama Frida