Jina Nisiloweza Kuliita

Jumatatu, 6 Mei 2019

Amerudi! Deski letu lina watu wawili tena. Tangu Januari alikuwa ndani, akiwekwa wakfu kwenye nyumba ya Dan, mungu nyoka wa upinde wa mvua. Ametoka na kichwa kilichonyolewa, shanga shingoni, na jina jipya: Dansi. Jina la zamani limezikwa. Sitaliandika hata hapa — nani ajuaye.

Tulikula pamoja akasa yangu, donge la mahindi yaliyochachuka. Alicheka kama zamani. Bado anataka unesi.

Mama hakufurahi. Sisi ni watu wa kanisa la mavazi meupe, akasema, nihame deski. Nilijifanya nafua soksi.

Jumatano, 8 Mei

Somo la uraia. Madamu Akplogan aliandika ubaoni Ibara ya 23 ya Katiba yetu: kila mtu na dini yake, kila mtu na ibada yake. Codjo akanyoosha mkono.

"Madamu, Katiba ikikutana na Dan njiani, nani anampisha mwenzake?"

Darasa zima likacheka, Dansi naye. Madamu alingoja tunyamaze. Akasema Katiba haimuulizi mtu anaabudu nini, inatuuliza sisi kama tutamwacha aabudu. Niliinakili kwa wino mwekundu.

Lakini nawaza soko la Bohicon, mwaka jana. Mama mmoja muuza vitambaa, kwa hasira, alimwita binti mmoja wa nyumba ya Dan kwa jina la zamani. Binti alianguka palepale. Wenzake wakavua shanga, wakaingia porini wakilia, na hawakutoka mpaka ukoo wa yule mama ulipoleta mbuzi na pombe. Meza yake iko tupu hadi leo.

Alhamisi, 9 Mei



Mkuu wa shule ameniita. Jumatatu ni mtihani wa majaribio, na mimi kiongozi wa darasa nitaita majina mlangoni, kama siku ya mtihani wenyewe. Jina la cheti cha kuzaliwa. Asiyeitika ni mtoro, na mtoro hapewi karatasi ya kuingilia mtihani wa Juni.

Nilimweleza Mkuu habari za Dansi. Akanikatiza:

"Hapa ni shule, binti yangu, si nyumba ya nyoka."

Madamu alikwenda kumwona. Akapendekeza niite namba za meza tu. Kila mtahiniwa anayo. Mkuu alikataa. Alipotoka, alifuta miwani muda mrefu. Akaniambia sheria iko upande wa Dansi, ila mahakamani ni miaka, na Juni ni mwezi ujao.

Dansi ameshasikia. Hakulia. Aliniambia taratibu, "Ukiliita sitaitika, Fifamè. Si kwamba sitaki. Siwezi."

Kisha akaniomba nisihame deski.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani sikuweza kuimba. Nimemweleza Mama yote. Nilidhani atasema Dan hana nguvu, kama anavyosema kila siku. Akaniuliza, "Ukiliita, mbuzi tutamtoa wapi?"

Hata yeye anaogopa!

Nisipoliita, Mkuu ataninyang'anya uongozi, labda na mtihani wangu pia. Nikiliita... hapana.

Jumatatu, 13 Mei

Mlangoni. Naandika haraka, daftari liko juu ya karatasi ya majina. Mkuu ameitwa kwenye simu, ameniambia nisiendelee mpaka arudi. Kabla ya simu alisimama nyuma yangu muda wote, akifuata kila jina kwa kalamu.

Wamebaki wawili, halafu Dansi.

Dansi yuko kwenye mstari na kalamu mbili mkononi, moja ya akiba. Shanga amezificha ndani ya kola. Codjo, ambaye hutania hata msibani, anatazama viatu vyake. Madamu yuko kwenye dirisha la darasa la jirani. Chaki mkononi, haandiki.

Kwenye karatasi kila jina lina namba pembeni. Ya Dansi ni 214. Nimeweka kidole juu ya jina, nimelifunika lote. Namba inaonekana.

Ibara ya 23 haikusema ni nani atakayeitamka.

Viatu vya Mkuu, ngazini. Naijaribu namba kabla sijafunga daftari:

Mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na nne. Mia mbili