Sifa ya Mgema

Kijijini Yakobi, Jumanne

Leo mchana mtumishi wa mumiani, hao wanywa damu wanaotutawala, amenikuta shambani nagema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Akasimama akitazama ninavyoukata mwanzi ncha kidogo tu, udondoshe bila kufa.

"Kamwene, baba. Una mkono mzuri," akasema. "Wakataji wetu kule Makambako, wanaokinga damu ya watu, wanawaua ovyo, na mabwana wamechukia. Kesho uje uwafundishe."

Nimemweleza mke wangu. Nilidhani atalia. Akauliza, "Usipoenda, si watu watazidi kufa?"

Nikienda, nitakuwa nimewagema watu kama mianzi.

Lakini kinachonitisha zaidi ni kwamba yule mtumishi aliponisifu, kabla sijaogopa, nilifurahi.