Mzee wa Konserva

Uvira, Kilibula, tarehe 24 Novemba 2002

Mdogo wangu Jean-Berchmans,

Pokea salamu za nyumba nzima, wewe na mke wako Apolline, pamoja na huyo mtoto mchanga mliyempa jina la marehemu binti yangu, Irakoze. Je, kifua chako kinavumilia baridi ya Amerika? Sisi tupo. Mama magoti yanamsumbua, lakini juzi aliwafukuza mbuzi wa jirani mpaka barabarani, kwa hiyo usimhurumie sana. Mwezi uliopita mji ulibadilisha wakubwa mara mbili ndani ya wiki moja. Tulijifungia ndani mpaka risasi zikanyamaza, na hapa kwetu hakuna aliyeumia.

Barua yako ililetwa na Djamali, yule muuza sardini, aliyeipokea Bujumbura. Kwanza ngoja nikuchekeshe. Mwaka jana uliandika kwamba jirani yako, Mzee Walter, ni “konsevativu”. Mimi na Djamali tulishauriana kama wanasheria, tukaamua kwamba mzee anatengeneza konserva, yaani nyanya na samaki wa mkebe. Mama alimwombea kiwanda chake mwaka mzima. Djamali alikuwa ameshaanza kuulizia katoni.

Sasa umetufafanulia kwamba ni mambo ya siasa, na nimeisoma habari hiyo mara tatu. Unasema Walter alikuwa kijana aliyeiamini serikali yake. Kisha, mwaka 1967, mitaa ya mji wao ikaungua kwa ghasia. Kaka yake akapelekwa vitani Vietnam. Wakubwa wakawa wanatangaza kwamba vita vinakwenda vizuri, huku wenyewe wakijua sivyo, na kaka akarudi ndani ya sanduku. Halafu rais mwenyewe akakamatwa na uongo, akaondoka madarakani. Tangu hapo mzee anaamini familia yake, parokia yake na bendera yake, na anawapigia kura wanaoahidi kwamba serikali haitamgusa. Umesema pia kwamba watu weusi wa mitaa hiyohiyo waliumia zaidi, nao wakaitaka serikali ifanye mengi, si machache. Kumbe jeraha moja linaweza kuwapeleka watu njia mbili.

Nilipomsomea Mama alisema, “Iko sawa na siye. Muntu akidanganywa mara mingi, anafunga mulango.”

Najua kilichokuuma. Mzee huyo ndiye aliyekufundisha kuendesha gari, ndiye aliyewaletea supu Apolline alipojifungua. Halafu mwezi wa kumi akasimamisha mbele ya nyumba yake kibao cha mgombea anayesema wakimbizi wasiingie tena. Na baada ya hapo, bila haya, akaomba awe parrain, yaani baba wa ubatizo, wa mtoto wenu. Unaniuliza umkatalie na umhame kabisa, au umkubalie. Unataka jibu kabla ya ubatizo wa Januari.

Kibao kile ni kibaya, sikufichi. Lakini kabla hujaamua, kumbuka Bwegera mwaka 1996. Mkubwa mmoja alitangaza redioni kwamba tukae majumbani, jeshi liko imara. Baba alikuwa mwalimu wa serikali. Alituzuia siku mbili, akisema mtu mzima hakimbii maneno ya sokoni. Siku ya tatu askari wa serikali hiyohiyo walipita wakikimbia, wakamuua kwa ajili ya baiskeli yake. Wewe ukavuka ziwa kwenda Kigoma. Mimi nilibaki na Mama, nikaapa kwamba sitaamini tena tangazo lolote.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata Mama halijui, kwa hiyo sehemu hii usiisome mbele ya watu. Uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha kusaini jina la Mama Irakoze. Nilikujibu kwamba mtoto alikufa kwa malaria, na jina hilo linaniumiza. Haikuwa malaria. Watu wa chanjo walipita Kilibula na masanduku yao ya barafu, wakitangaza kwa kipaza sauti kilekile wakubwa walichotumia kutuitia mikutano yao. Nilisikia sauti ile nikamkumbuka Baba. Mama alikuwa shambani; nikamficha Irakoze jikoni nyuma ya gunia la mchele, nikawaambia yuko Bwegera kwa shangazi. Aliona ni mchezo, akacheka mkono ukiwa mdomoni. Miezi mitatu baadaye surua ilimchukua.

Walionidanganya walikuwa waongo kweli. Lakini siku ile waliokuja mlangoni kwangu hawakuwa wao, na mimi sikuwa na mtu pembeni wa kunishika bega aniambie: Marie-Rose, hawa siyo wale, fungua.

Ndiyo maana nakuomba usimhame yule mzee. Bishana naye, mwambie wazi kwamba kibao chake kinakufukuza wewe na mtoto anayetaka kumbeba. Lakini mkubalie ambebe. Na siku ya chanjo mpeleke Irakoze bila kukosa, uende na huyo mzee wa konserva. Mtoto akilia, amshike mkono.

Mama anakubariki. Djamali anakusalimu, anasema bado angependa katoni mbili. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, kisha mbusu tena.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa,

Mama Irakoze