Kwa Nini Hatukufika Mkokotoni

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Vipi mguu? Bado unavimba ukisimama sana jikoni, au ile dawa ya kuchua imekufaa? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mengine ndiyo yaliyonikalisha chini nikuandikie.

Najua ulitungoja. Najua ulipika pia, maana wewe hujui kungoja mgeni na chungu kitupu. Nilijaribu kukupigia simu pale posta, lakini kila nikifika kwenye jambo lenyewe nakata, na nyuma watu wamepanga foleni wananigunia. Nikaona heri karatasi.

Baba Twaha alipostaafu kule kwenye maghala ya Shimanzi alikaa barazani siku chache, akanuna, kisha akaniambia, "Mke wangu, Wazungu wakistaafu hutembea visiwani. Sisi visiwa ni vyetu na hatuvijui." Akakodi boti ya mashine ya Nahodha Kombo, yule Mpemba anayeleta ndizi huku. Tupite Wasini, tushuke visiwa vidogo vya Pemba kimoja kimoja, tumalizie kwako Mkokotoni. Majirani walitucheka sana. Mmoja wa Makadara aliniuliza kama fungate ya kwanza haikututosha. Nami nilifurahi, Dada, sikufichi. Nilikununulia kanga Biashara Street, na mimi mwenyewe nikajipaka hina kama mwari.

Furaha yangu iliishia Wasini. Tulifika asubuhi yenye manyunyu, pwani haionekani vizuri. Baba Twaha akamwambia Kombo azime mashine. Akasimama mbele ya boti, akaweka viganja mdomoni, akaita, "Twaha!" Mara moja tu. Kisha akasikiliza.

Unajua mwenyewe, tangu lile jahazi la saruji lilipozama na mwanangu, wenzake wakaonekana na yeye asionekane, baba yake hakukubali asomewe khitma. "Sikumzika, simsomei." Neno lake lilikuwa hilo tu, na mimi nikawa nalia upande wa jikoni miaka yote hii. Sikujua kwamba matembezi yetu yalikuwa ya kumtafuta.

Ikawa hivyo kila kisiwa. Nikamwambia, "Baba Twaha, sisi watu wa pwani. Mtu akiitwa mara moja na hamwoni amwitaye, haitiki, hungoja mpaka ya tatu. Ita basi kama watu waitavyo." Akanikasirikia. "Mwanangu akiisikia sauti yangu hana haja ya ya pili. Kwani mimi mgeni kwake?" Na kule alikoita hakuna aliyeitika. Ila nilianza kuona kwamba tukikaribia, pwani inakuwa tupu. Tulipofika Makoongwe nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe mkono, akamwingiza ndani na mlango akafunga. Nikajiambia ni mvua.

Kule Kisiwa Panza, Kombo alitupeleka kula kwa shangazi yake, Bi Time, mwanamke mcheshi, mkono wazi. Alitupakulia wali na pweza, akatukalisha mkekani, akasema, "Wageni wangu, mkisikia mtu aita kutoka majini leo ama kesho, msiitike. Wachuuzi wa samaki washatuletea habari. Kuna mzee wa Kimvita, wa huko Mombasa, kafa maji na mkewe, wapita kisiwa hata kisiwa wamwita mtoto wao. Aita mara moja, kama waitavyo wasio watu. Mke haneni. Akaa tu nyuma na buibui lake."

Tonge nililirudisha sahanini. Buibui lile lile nilikuwa nalo mwilini. Kombo aliinama kama anayetafuta mwiba kwenye samaki, na pweza hana mwiba.

Baba Twaha akauliza taratibu, "Na huyo mtoto, hajawaitika?"

"Aitike vipi, baba? Mtoto keshapumzika. Wasopumzika ni wao."

Alimaliza kula, akanawa, akamshukuru Bi Time kwa adabu zote. Tulipopanda boti nilimngoja amwambie Kombo aelekee kwenu. Alitazama upande wa Unguja kwa muda, kisha akanigeukia, macho yamejaa. "Turudi, mke wangu. Watu washatuzika." Nami nilikuwa nimechoka, nimeogopa. Sikubisha.

Alhamisi iliyopita tulimsomea Twaha hapa nyumbani. Maalim alipouliza jina la marehemu, Baba Twaha alijibu, sauti haikutoka. Maalim akamwinamia, naye akajibu tena, watu bado hawakusikia. Mara ya tatu akalitaja kwa nguvu mpaka sisi wanawake ndani tukamsikia, "Twaha bin Athmani." Nililia, Dada, safari hii mbele za watu.

Nilidhani yamekwisha. Jana Kombo alituletea ndizi, akanivuta kando. Anasema visiwani sauti bado inasikika asubuhi za manyunyu. Mara moja tu, ile ile ya Baba Twaha.

Huko kwenu nisalimie shemeji, wanangu wote, na yule bibi mkunga aliyenizalisha Twaha. Mwambie tumemsomea, atuombee. Kanga zako nampa Kombo azilete pamoja na barua hii.

Ninapoandika Baba Twaha yuko barazani, nauona mgongo wake kupitia mlangoni. Mzima, anakula, anaswali. Lakini nikimwita haitiki mpaka mara ya tatu, na akiitika hunitazama kama aliyetoka safari ya mbali. Kwenu peke yake ndiko hatukufika kuita. Basi ile sauti ikija Mkokotoni, nakuomba usiwaingize watoto ndani. Toka pwani uiitike hata kama imeita mara moja. Mwambie mwanawe ameshasomewa, naye arudi nyumbani, mkewe anamngoja na chai inapoa.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaisha