Maganda Yaliyozidi Urefu

Overport, Durban
Julai 1998

Yaya wangu Neema,

Nakusalimu wewe dada yangu mkubwa, uliyenibeba mgongoni wakati Mama alikuwa hana nguvu. Habari ya kambini? Mvua imeacha kuingia ndani ya hema? Miguu ya Mama inaendeleaje, bado inavimba jioni? Na watoto, kikohozi kimewaachia? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku haiui mtu, lakini asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa, na bado sijazoea jua linalokosa nguvu mwezi wa saba.

Maneno yako nimeyapata. Papa Mulamba, yule fundi cherehani aliyepitia kambini akija huku, alinikuta kanisani akanivuta pembeni. Akasema: "Dada yako amenituma hivi: amesikia wewe Safari unatengenezea wazungu risasi. Kama ni kweli, usimtumie tena kitu. Anasema wewe unajua kwa nini yeye hawezi kula pesa ya risasi." Aliyasema polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Ni kweli, Yaya. Na kwa kuwa ni kweli, nakueleza yote, hata yale ambayo Papa Mulamba hayajui.

Nilipofika Durban nililala Point, karibu na bandari, wanaume wengi chumba kimoja. Mchana nililinda magari ya watu kando ya barabara. Kulinda gari hapa ni kusimama juani ukiomba kwa macho. Siku moja muzungu mzee alisimamisha baki, ndivyo wanavyoita gari dogo la mizigo, na nyuma alikuwa amefunga mashine ya kukereza chuma aliyoinunua kwenye karakana ya bandarini iliyokuwa inafungwa. Unaikumbuka miaka yangu ya kiwanda cha sukari. Nilipoiona ile mashine niliipapasa kama mtu aliyekutana na ng'ombe wa kwao. Mzee akaniuliza, "Unaijua?" Nikamwambia, "Ndiyo iliyonilisha." Akaniandikia adresi. Huyo ndiye Mista Harold.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, huku Overport. Anatengeneza bunduki za wawindaji, na anajaza upya risasi zao. Mwindaji akishapiga, ganda la shaba linabaki, na ganda ni ghali, halitupwi. Linasafishwa, linarudishwa umbo lake, linatiwa fataki mpya ya kuwasha, baruti na kichwa kipya. Lakini ganda lililokwisha kupigwa linarefuka shingo, kidogo sana, hata unene wa ukucha haufiki. Lazima likatwe lirudi kwenye kipimo. Likizidi, mdomo wake unabanwa ndani ya bunduki, unaikaba risasi isitoke kwa wakati wake, na nguvu ya baruti inamrudia mpigaji. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuzungusha mkono wa mashine ya kukatia maganda. Vidole vya mzee vimekakamaa, haviwezi tena.

Nilijiambia kwamba hizi ni za swala na nguruwe mwitu, si za watu. Nilijiambia hivyo kila siku. Mtu aliyetulia hajiambii jambo kila siku.

Mwezi wa tano, asubuhi, simu ililia. Mista Harold alisikiliza mpaka mwisho. Alipoiweka chini uso wake ulikuwa kama karatasi. Kwenye shamba moja la miwa, pwani ya kaskazini, mlinzi mmoja aliwafyatulia nguruwe mwitu na bunduki ikampasukia usoni. Risasi ilikuwa yetu.

"Lete kaliper," akaniambia. Ni kile kipimo cha meno mawili cha mafundi.

Tulipima maganda ya fungu lile yaliyobaki kwetu. La kwanza lilikuwa sawa. Yaliyofuata sawa. Halafu yakaanza kurefuka, moja baada ya lingine, kama watoto waliopangwa kwa kimo. Tukaigeukia mashine. Skurubu inayoshika kizuio, kile chuma kinachosimamisha kisu kwenye kipimo, ilikuwa imelika meno. Kila nilipozungusha, kizuio kilirudi nyuma kama unene wa unywele, na hakuna aliyeona, kwa sababu tulikuwa tunapima maganda ya mwanzo tu. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na ndivyo alivyonifundisha.

Mista Harold alikaa chini sakafuni, katikati ya vumbi la shaba. Nikamwambia, "Mista, inuka, twende hospitali." Akasema, "Nitamwambia nini?" Nikasema sijui, lakini twende.

Mlinzi anaitwa Bhekani. Nusu ya kichwa ilikuwa bandeji, jicho moja lilikuwa limekwisha kupotea. Tulizungumza kwa Kizulu changu cha barabarani na Kiingereza chake cha shambani. Mista Harold alipojitambulisha, Bhekani alimtazama kwa lile jicho lililobaki.

"Bosi anasema nilitia matope kwenye mdomo wa bunduki," akasema. "Sikutia matope. Mimi bunduki naisafisha kama sahani."

"Si matope," mzee akamjibu. "Ni risasi zangu."

"Basi sikia. Boksi lile halijaisha. Zingine ziko kwa mdogo wangu, Sipho. Bosi amempa kazi yangu na bunduki ingine. Nendeni leo."

Hakutukana, Yaya. Hata dawa ya maumivu hakuomba. Aliomba boksi.

Tulikwenda kwa baki. Mwenye shamba alitupokea barazani, hakutuambia tuingie. Mista Harold alimweleza, mashine imelika, risasi si salama, azirudishe zote. Yule bwana akasema, "Harold, acha. Mlinzi alikosea, nimeshawaambia polisi. Ukisema ni risasi, watauliza kwa nini nilimpa mlinzi bunduki isiyoandikishwa kwa jina lake." Mzee akamjibu, "Nitakwenda kwa polisi mwenyewe, leo hii, kabla hujamaliza chai yako." Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Bwana aliingia ndani, akaleta boksi, akalitupa kwenye ngazi. Lilikuwa na nafasi tupu.

Sipho tulimkuta njiani kwenye miwa, bunduki begani. Kijana mrefu, ana sauti ya ndugu yetu Bahati, ile ya kumeza maneno ya mwisho. Nilimwambia, "Mfowethu, ndugu yangu, unazo risasi mfukoni?" Akasema bosi amemkataza kurudisha kitu. Nikamwambia, "Kaka yako ndiye aliyetutuma." Akasimama. Akafungua bunduki, akatoa iliyokuwa tayari ndani, kisha za mfukoni, akaniwekea mkononi zote. Baadaye tulipozipima, ile iliyokuwa ndani ya bunduki ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mista Harold alikwenda polisi kama alivyoahidi. Waliandika, wakamwambia ni ajali, wakamrudisha nyumbani.

Nikamwambia kwamba sitagusa tena mkono wa mashine ile. Nilitegemea atafunga kazi. Hakufunga. Akasema, "Nikifunga, watapeleka maganda yao kwa mwingine mwenye mashine kama hii. Twende tukatafute isiyodanganya." Tulikwenda dukani mjini na mfuko wa maganda ya zamani, na kaliper yangu mfukoni. Muuzaji alitutolea mashine tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya umeme, nzuri kuitazama. Inakata haraka kama mtu anayemenya karanga. Tulikata rundo tukapima. Yalipishana, kwa sababu inalishika ganda kwenye ukingo wa kitako, na ukingo wa ganda moja si unene wa lingine. Ya pili ilikuwa ya mkono, inafanana na yetu, mpya tu. Mista Harold alichungulia kizuio chake akaona skurubu ileile moja, akairudisha mezani bila kuijaribu. Ya tatu ilikuwa fupi, nzito, haina sura. Ganda linaingizwa kwenye kikombe cha chuma kilichochongwa kwa umbo lake, linabanwa mwili mzima, na kizuio kinafungwa kwa skurubu kisha kinakazwa na nati ya pili juu yake. Tulikata, tukapima. Tukaigonga kwa kiganja, tukakata, tukapima. Tukaiangusha juu ya mbao, tukakata tena. Maganda yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

Muuzaji akacheka, "Eish, mzee, kwa mashine hiyo mtakata mpaka Krismasi." Mista Harold hakucheka. Akasema, "Hiyo."

Tuliifunga kwenye meza Jumatatu. Tulikuwa bado tunaiweka sawa, Sipho akapiga simu. Jeraha la Bhekani lilikuwa limeoza ndani, likapanda kichwani. Amekufa.

Yaya, hapa ndipo nilitaka kufika.

Tulikwenda kuzika. Nilimwambia mzee, "Mista, watu wanaweza kukupiga." Akavaa koti lake jeusi. Kwao mama wa marehemu anakaa chini kwenye godoro, amejifunika blanketi, mshumaa unawaka pembeni. Chumba kilijaa wanawake. Mista Harold alivua kofia, akapiga magoti, na kwa magoti yake yale ilimchukua muda. Akasema, na Sipho akatafsiri: "Mama, risasi iliyomuua mtoto wako niliitengeneza mimi. Mashine yangu ilikuwa imelika na sikuikagua. Mtoto wako hakukosea chochote."

Yule mama akauliza, "Nani mwingine?" Nikapiga magoti na mimi. Nikasema, "Mimi nilizungusha mkono wa mashine."

Alitutazama. Akasema, "Sitawasamehe leo. Msiningojee." Halafu akasema, na Sipho alitafsiri huku analia: "Bosi aliniambia matope. Polisi waliniambia ajali. Nilikuwa sijui namlilia mtoto gani, mjinga aliyejiua kwa uzembe wake, au mtu aliyeuawa. Sasa najua namlilia nani." Akajifunika uso, akaanza kulia. Wanawake wakampokea. Kumbe tangu mtoto wake afe alikuwa hajalia.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Moyoni nilimwona Mama yetu. Sisi wawili ndio tunajua kwamba risasi ilimuua Bahati, tukamwacha kando ya barabara siku ile ya kukimbia Uvira, na kwamba nilimfunika kwa kitenge chako kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kuchimba. Mama tulimwambia amepotelea kwenye umati, labda amevuka kwenda Zambia. Tulifikiri tunamhurumia. Papa Mulamba aliniambia kwamba Mama alimuuliza na yeye, fundi cherehani wa watu, kama hakumwona kijana mmoja mrefu huko Zambia. Yaya, mama yetu anauliza kila mgeni. Waliomuua Bahati hawatakuja kupiga magoti mbele yake. Hata hilo neno moja, kwamba amekufa, sisi watoto wake ndio tunaomnyima.

Kuhusu kazi, sitakudanganya. Niko palepale. Mista Harold hakai tena mezani. Anakaa mlangoni, ananiachia kila kitu. Napima kila ganda, la kwanza na la mwisho. Mashine nzuri haifanyi risasi kuwa kitu kizuri, inakata sawa tu, basi. Ukikataa ninachotuma nitaelewa, wape majirani wenye watoto. Nikipata kazi nyingine ya kukereza nitahama, nimeshaanza kuuliza bandarini.

Lakini nakuomba, mwambie Mama. Usimsomee barua hii. Kaa naye chini, mshike mkono, tumia mdomo wako. Akiuliza kama aliteseka, mwambie kweli, hakuteseka, ilikuwa mara moja. Akiuliza nani alimwona, sema Safari. Akitaka kunilaani kwa kumficha, anilaani. Nitapokea kama mtoto.

Barua hii itachelewa njiani, kwa hiyo nimechagua siku. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya ibada, mwambie siku hiyo. Nami huku, tangu asubuhi, nitakaa chini sakafuni nimevua viatu, nimlilie Bahati, ili Mama asilie peke yake.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mgongo wake unaouma. Nisalimie wadogo zetu, watoto wa Mama mdogo, na bibi jirani wa hema la pili anayewazidishia mboga chumvi. Salamu za Mista Harold pia. Ameniuliza jina lako akaliandika vibaya.

Mungu awalinde mpaka macho yaonane.

Mdogo wako,
Safari