Jina ya Kabwe chini ya patch

Alhamisi, magaribi

Nilimupiga Kabwe, mudogo yangu, mpaka damu ikaruka ku ukuta.

Nilikuwa natuma patch, kipande ya code ya kutengeneza driver ya modem, kwa bakubwa ba kernel, ile moyo ya système ya ordinateur; balikuwa bameikataa mara mbili. Kabwe akachomeka fer, pasi ya umeme, juu ya nguo yake. Disjoncteur ikaruka, ikakata courant ya nyumba yote, ordinateur ikazima.

Nilimukamata shingo, nikamubamiza ku mulango. “Yaya, mukubwa yangu, ni chemise ya stage tu, ya kwenda kujifunza kazi!” Kabwe akalia. Nikamutia ngumi ya kinywa, jino ikaanguka. Mama akanivuta: “Unataka kuua mutoto yangu juu ya machine?”

Nikajibu ndiyo.

Courant ilirudia. Kumbe patch ilienda kabla disjoncteur iruke, na bakubwa bamenijibu: bameikubali. Desturi yabo, chini ya patch banaweka jina ya mwenye aliandika na ya mwenye alijaribu. Kabwe njo alijaribu ile modem juma nzima, na kadi ya simu ya kila réseau, kila kampuni ya simu ya Lubumbashi, na jina yake niliiandika mule. Dunia yote itasoma jina yake.

Kabwe iko mu chumba yake, kinywa imevimba. Najua kuandikia bantu sijaonana nabo hata siku moja. Kugonga mulango yake, sijui.